Mnyama wa Watu Niliyemwosha

Kosta Rika, Jumanne asubuhi

Baba,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya siku zote nilizonyamaza. Habari za hapo nyumbani, za Mama, za Bibi na kifua chake? Mguu wako uliokanyagwa na fahali wa Mzee Wambura umeacha kuvimba, au bado unaenda joshoni unachechemea huku unawaambia watu si kitu? Mvua imeshuka? Huku inashuka kila siku ya Mungu. Daftari hili limejikunja kama jani la tumbaku na nguo zangu hazijakauka sawasawa tangu nifike. Mwili wangu mzima, hauna shida. Shida iko kwingine, ndiyo ninayokuandikia.

Naandika kwa mkono, halafu nitapiga picha kurasa zote nimtumie Kaka Magesa dukani kwake Mwisenge, azichape, akuletee Butiama Jumamosi. Kaka, najua unasoma hapa. Soma tu. Ila usimpunguzie Baba hata mstari mmoja, na usimsomee Shangazi wa Bunda kwa simu huku unacheka.

Baba, kuna barua itakuja kutoka shuleni kwangu huku ng'ambo, ya Kiingereza, ina muhuri. Utaenda nayo kwa mwalimu mkuu akusomee. Itasema kwamba mwanao ameharibu utafiti wa kisayansi na ameondolewa kwenye kazi ya wanyama. Ni kweli, usibishane na mwalimu. Lakini haitasema kitu chenyewe, kwa sababu walioiandika hawakijui. Nataka ukisikie kwangu.

Unakumbuka nilikwambia likizo hii ndefu sisi ambao kwetu ni mbali tunapelekwa kujitolea mahali. Wenzangu wengine walipelekwa kufundisha watoto, wengine kupanda miti. Mimi waliniuliza natoka wapi, nikasema Mara, karibu na Serengeti, basi wakafurahi wote, wakaandika kwenye fomu kwamba napenda wanyama. Sikusema napenda wanyama. Sikusema chochote, unanijua. Mimi ni yule ambaye shule ya msingi nilikaa mwaka mzima kwenye dawati lenye msumari kwa sababu sikuweza kusimama kusema kuna msumari.

Kwa hiyo nikaletwa hapa kwenye kituo cha utafiti, msituni, kuna watu sita na mnyama mmoja.

Wacha nikueleze huyo mnyama, maana najua utasema nadanganya. Ukubwa wake ni kama mbwa wa pale kwa jirani, mikono mirefu, kucha tatu tatu kama ndoano za kuvulia sangara, na uso wa mtu aliyeambiwa jambo zuri akiwa usingizini. Anakaa juu ya mti ananing'inia kichwa chini. Hafanyi kitu. Sisemi kwa kuzidisha, Baba, hafanyi kitu. Kwa Kihispania jina lake maana yake ni mvivu, na kwa Kiingereza ni hivyo hivyo, uvivu. Anakula jani moja, analitafuna kama Bibi anavyotafuna nyama ya ng'ombe mzee, halafu analala. Linakaa tumboni siku na siku. Mara moja kwa wiki, mara moja tu, anateremka mpaka chini kwenda haja, halafu anapanda tena.

Na sasa sikiliza. Kila anapoteremka, kuna watu wazima wenye digrii wamekaa chini wanamsubiri. Wana mizani. Wana saa. Wana daftari lisiloingia maji. Akimaliza, wanakumbatiana. Niliona kwa macho yangu mwanamke wa umri wa Mama analia machozi kwa sababu mnyama ameenda choo. Wanakipima, wanakitia kwenye kimfuko, wanaandika jina la mnyama na tarehe, wanakiweka kwenye friji. Friji hiyo hiyo ndiyo ina maziwa yetu ya chai, rafu ya chini.

Mkubwa wao anaitwa Dokta Petra. Jioni ya kwanza alituonyesha picha ukutani, akatuhubiria kuhusu kuhifadhi wanyamapori. Akasema tatizo ni watu wanaoishi karibu na wanyama, kwamba hawajafundishwa kuwapenda. Akaonyesha picha ya tembo. Akanigeukia mimi mbele ya wote, akaniambia, "Nyangeta, wewe umebahatika, umekua nao. Tueleze kidogo."

Baba, nilimfikiria Shangazi pale Bunda, anavyogonga debe mpaka mikono inatoka malengelenge, na asubuhi shamba limelala kama limepigwa pasi. Nilitaka kusema: sisi tembo tunawajua, wanakula mahindi wakianzia yale yaliyokomaa, na karatasi ya fidia Shangazi ameijaza mpaka amejua kuijaza bila kuisoma. Nilikuwa nimeshaipanga kwa Kiingereza kichwani, na vitenzi vyake vyote. Nikafungua mdomo nikasema, "Wanapendeza sana." Wakapiga makofi.

Halafu wakaniuliza simba. Nikasema nimewaona wengi. Hiyo nayo nakiri. Sijaona simba hata mmoja, labda yule wa kwenye kalenda ya duka la pembejeo.

Kwa hiyo ujue kwamba niliwadharau tangu siku ile, na nilijidharau vilevile, nikawa nakaa na dharau mbili kwenye kitanda kimoja.

Katika watu wote wa hapa niliyemwona mtu ni Mama Elsa. Yeye si wa utafiti. Ni mwenyeji wa kijiji cha chini, anapika, anafua, anadeki, anachemsha vile vichupa vyao vya sampuli. Haongei Kiingereza, na mimi Kihispania changu bado ni cha kuombea maji. Ndiyo maana tulielewana. Hakuna aliyemtegemea mwenzake aseme jambo. Nilikuwa nakaa naye jikoni tunachambua maharage, maana huku ni wali na maharage asubuhi, wali na maharage mchana, kama bweni letu pale Musoma, tofauti huku wanaita utamaduni. Jumapili mbili alinichukua kwake, akanipa kahawa na mkate wa mahindi, akanionyesha kuku wake mmoja mmoja. Nilikaa pale saa tatu bila mtu kuniuliza simba. Nilivyorudi kituoni nililala vizuri kama niko nyumbani.

Yule mnyama naye wamempa jina, Valentina. Aligongwa na gari, akaletwa hapa, akapona, wakamweka kwenye kizimba kikubwa chenye mti ndani wakisubiri kumwachia. Kazi yangu ilikuwa kumpelekea majani na kufagia. Mwenye utafiti juu yake ni kijana mmoja mrefu kutoka Ulaya, Kasper, anayesomea udaktari wa vitabu. Miaka miwili anamwangalia. Anamwangalia nini, sikuuliza. Angeniambia, anapenda kueleza, ila mimi sikuuliza na yeye alidhani naelewa kwa sababu nilikuwa naitikia kwa kichwa. Naitikiaga kwa kichwa hata nikiwa sijasikia.

Sasa ndipo tunapofika.

Siku ya kwanza nilipomsogelea karibu yule mnyama, Baba, nilishtuka. Manyoya yake ni ya kijani. Si rangi yake, ni ukijani umeota, ule ule unaoota kwenye mawe pale ufukweni Musoma ambao ukiukanyaga unaanguka. Umeota mgongoni kwa kiumbe hai! Nikapuliza kidogo, wakaruka nondo. Nondo, Baba, kama wale wa gunia la mtama uliosahauliwa. Na kulikuwa na vidudu vya gamba vinatembea shingoni vina haraka zao. Nikamfunua sikio: kupe watatu, wameshiba, wa kijivu.

Nikasikia sauti yako kabisa. Unavyosimamaga pale juu ya ukuta wa josho na fimbo yako, ng'ombe wa mtu anakuja kupe wamejaa chini ya mkia, na wewe unapiga kelele foleni yote isikie: "Huyu mnyama wa nani? Mwenyewe yuko wapi? Haoni aibu? Mrudishe nyuma apite mara mbili!" Na mwenyewe anajificha nyuma ya mnazi wa watu... hapana, kwetu hakuna minazi, Kaka usicheke, anajificha nyuma ya ng'ombe wake mwenyewe. Mimi nimekulia juu ya ukuta ule nahesabu ndama. Najua mnyama aliyetunzwa na najua aliyetelekezwa.

Nikawaza: hawa watu wana hadubini mbili, wana mizani ya kupima unyoya, wanalia akienda choo, na mnyama wao anaoza mgongoni. Hakuna hata mmoja amemshika akamtoa kupe. Hiyo ndiyo elimu. Hao ndio waliokuja kutufundisha kupenda wanyama. Nilifurahi kuwadharau, Baba. Nakuambia ukweli, ilikuwa raha.

Siku kumi nilimtazama hivyo. Kuuliza sikuweza. Ningemuuliza nani? Ningesema, samahani Dokta, mbona mnyama wako mchafu? Jumamosi moja wote wakaenda mtoni kuweka mitego yao ya picha, Mama Elsa akaenda kanisani kupamba, nikabaki peke yangu na Valentina.

Nikamtoa.

Hakugoma. Kumtoa mtini ilichukua muda, unabandua kidole kimoja, ukienda kwa cha pili kile cha kwanza kimerudi, lakini pole pole. Nikamfunga mgongoni kwa kitenge, akanikumbatia shingo, mzito kama mtoto wa miaka miwili na ananuka kama uvungu. Nikampeleka kwenye beseni la kufulia. Maji nikayapasha, nisimpe homa. Nikachukua sabuni ya mche ya Mama Elsa na brashi yake laini ya kola za mashati. Kupe nikawang'oa kwanza kwa mafuta ya taa na kibano, kama ulivyonifundisha, usimvute kichwa kikabaki. Halafu nikamsugua kufuata manyoya yalivyolala, mgongo, kwapa, nyuma ya magoti. Maji ya kwanza yalikuwa kama mlenda. Ya pili kama chai ya rangi. Ya tatu yakawa maji. Yeye alikuwa ameshika bomba kwa mikono miwili, amefumba macho, anatabasamu lile tabasamu lake ambalo sijui kama ni tabasamu.

Nikamkausha juani kwa kitenge changu, nikamchana. Chini ya ule uchafu alikuwa wa rangi ya asali, Baba. Hujawahi kuona mnyama kapendeza vile. Ile ndiyo saa pekee tangu nitoke nyumbani ambayo nilijua ninachofanya. Nikamrudisha mtini, nikafuta sakafu, nikasubiri washukuru.

Kasper ndiye aliyeingia kwanza. Nilikuwa jikoni. Nikasikia kelele moja, kama mtu aliyepigwa teke na punda.

"Wako wapi? Wako wapi? Wote hawapo! Hakuna kitu!"

Wakakimbia wote. Nami nikaenda, nikasimama nyuma. Kasper amekaa chini kizimbani, ameshika kichwa, na pale, kwa maneno aliyokuwa anamlilia Dokta Petra, ndipo nikajua anachokitafiti. Ni ule ukijani. Ukijani, na nondo, na vile vidudu. Kumbe mnyama huyu anaishi na shamba mgongoni kwa makusudi: ukijani unamficha asionekane na mwewe, nondo wanataga mayai kwenye kile kinyesi cha wiki, wanarudi wanafia mgongoni wanarutubisha ukijani, na katika ukijani ule wanatafuta dawa za kutibu watu. Miaka miwili alikuwa anahesabu. Kila nondo alikuwa na namba kwenye kompyuta. Hata wale kupe watatu walikuwa na namba.

Walikuwa wanamtunza, Baba. Nilikuwa nimewadharau kwa kitu ambacho ndicho walichokuwa wanakilinda.

Dokta Petra akamnusa mnyama. Akasema, "Sabuni." Wakaangaliana. Sabuni ile iko moja tu hapa kituoni, ina harufu ya limau, ni ya Mama Elsa.

Wakamwita Jumatatu asubuhi, mbele ya meza ya chakula, sote tumekaa. Dokta Petra alimuuliza kwa Kihispania, pole pole kama anaongea na mgonjwa. Mama Elsa akatikisa kichwa kukataa. Akaulizwa tena. Akatikisa. Halafu akageuza macho akaniangalia mimi. Hakuninyooshea kidole. Aliniangalia tu, kama unavyomwangalia mtu kwenye foleni ambaye zamu yake imefika. Alikuwa anajua, kwa sababu kitenge changu alikuwa amekianua yeye mwenyewe Jumapili na kilikuwa kimejaa manyoya. Alisubiri.

Mimi nikaangalia wali wangu.

Akavua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya kiti. Akaondoka kwa njia ya jikoni. Baadaye nikasikia wamemwambia apumzike mpaka watakapoamua, na Kasper anasema kwa huruma, "Maskini, alidhani anasaidia." Na mimi nikala. Nakuambia yote, nilikula nikamaliza.

Usiniulize kwa nini sikusema. Nimejiuliza siku zote hizo na kila jibu ninalopata linanitia kinyaa zaidi ya lile la kwanza. Nilijiambia ni aibu. Nilijiambia Kiingereza kimenipotea. Nilijiambia watanirudisha nyumbani na wewe umeshawaambia watu wote wa josho kwamba mwanao yuko ng'ambo anasoma. Siku ya tatu nilijiambia Mama Elsa atapata kazi nyingine tu. Ona nilivyo. Ulisemaga mimi ni mpole, Mama anasemaga mpole, walimu waliandika mpole kwenye ripoti zote. Si upole ule, Baba. Mtu mpole hawezi kukaa akaangalia mwenzake anabeba mzigo wake mpaka anaishia njiani haonekani.

Nikaendelea kupeleka majani. Jikoni tukawa tunapika kwa zamu, vibaya.

Siku ya tisa, mchana, Kasper akaja anakimbia. Ukijani umeanza kurudi, sehemu ndogo begani. Wakafurahi wote. Dokta Petra akaegemea kiti, akasema, hata hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayezungumzia mvua, "Elsa asingeweza kuelewa. Watu wa hapa wamezaliwa kati ya hawa wanyama, lakini hawawaoni. Kwao mnyama ni uchafu."

Sijui kama ni zile kelele za Shangazi za debe zilizonifikia kutoka Bunda. Najua tu nilisimama na kiti kikaanguka.

"Ni mimi."

"Wewe nini, Nyangeta?" Dokta Petra akauliza.

"Nilimwosha mimi. Elsa hakugusa. Ni mimi, na kupe niliwatoa mimi, na wewe hujui chochote."

Hayo ya mwisho hayakuwa lazima lakini yalikuja na mengine.

Nilijiandaa kufukuzwa. Na unajua alifanya nini Kasper? Alitoa daftari! Uso ulimng'aa. Akaanza: maji yalikuwa ya joto kiasi gani? Sabuni nilipaka mara ngapi? Nilisugua kuanzia wapi? Mafuta ya taa yaligusa ngozi? Ilikuwa saa ngapi kamili? Kwa sababu, akasema akimwambia Dokta Petra, si mimi, sasa wanajua siku ambayo ukijani ulianza upya kutoka sifuri, hakuna mtu aliyewahi kuwa na sifuri. Dokta Petra naye akavuta kiti. Wakawa wanabishana kuhusu sifuri. Mwanamke aliyeondolewa kazini hakuwa kwenye mazungumzo kabisa, kama vile nilikuwa nimetaja jina la mtaa.

Nikasema, "Mpigieni Elsa kwanza."

"Ndiyo ndiyo, tutampigia. Sasa, brashi ilikuwa ya aina gani?"

"Sijibu. Mpigieni kwanza."

Baba, mwanao alisema hivyo.

Kasper akachukua simu, akatafuta. Akamuuliza Dokta Petra. Dokta Petra akatafuta. Hawakuwa na namba yake. Miaka minne amewapikia. Wakafungua kompyuta, wakatafuta jina la pili, hakuna anayelijua. Wanamjua nondo kwa namba, Baba, na mtu anayewafulia nguo za ndani hawamjui jina la baba yake. Hapo nikarudi kuwadharau, na safari hii sikuona sababu ya kuacha.

"Nyumbani kwake napajua," nikasema. "Twende."

Dokta Petra alikuwa na kikao cha kompyuta. Akaja Kasper. Tulitembea matope matupu kwenda chini, yeye ananiuliza maswali ya sabuni, mimi simjibu. Nilimwambia tu, "Ukifika, wewe ndiye utakayeeleza kwa Kihispania. Useme kama nilivyosema. Usipunguze."

Mama Elsa alikuwa uani anawapa kuku mahindi. Hakutukaribisha. Kasper akaeleza, kwa adabu, amevua kofia. Nilikuwa nasikiliza jina langu likipita katikati ya maneno. Alipofika kwenye kupe na nondo na maji ya mlenda, Mama Elsa akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema jambo, Kasper akawa mwekundu, nikamwambia tafsiri.

"Anasema miaka minne ametamani kumwosha yule mnyama. Anasema alijizuia kwa sababu yeye huwa anauliza kwanza."

Nikacheka na mimi. Nilidhani imekwisha. Nikapiga hatua kumsogelea, nimkumbatie, au nimshike miguu kama tungefanya kwetu, sijui.

Akaacha kucheka. Akaweka bakuli la mahindi chini, akainua mikono yote miwili mbele ya uso wangu, vidole vimekunjuliwa, akakunja kidole gumba kimoja. Tisa. Akaniuliza neno moja la Kihispania ambalo najua, maana ni la kwanza kufundishwa. Wapi.

Siku tisa ulikuwa wapi.

Hakumwomba Kasper atafsiri. Akaokota bakuli, akaendelea na kuku.

Amerudi kazini jana Jumatatu. Dokta Petra amemwomba radhi mbele ya wote na sasa jina lake kamili limebandikwa ukutani jikoni, na namba ya simu. Mimi nimeondolewa kwa mnyama, nadeki na kuosha vichupa mpaka likizo iishe, pamoja naye, meza moja, beseni moja. Asubuhi nilimtengenezea kahawa nikamwekea mbele yake. Akashukuru vizuri kabisa.

Dokta Petra huwa anamshukuru, naye anajibu hivyo hivyo vizuri kabisa. Kasper vilevile. Ananisalimia kama anavyowasalimia wao, si kama zamani tulipochambua maharage.

Baba, usimkasirikie mtu shuleni, usiende kwa diwani. Sikuandiki ili unihurumie, wala sitaki useme kupe ni kupe tu na nilifanya vizuri. Kumwosha mnyama nimejisamehe. Nimekuandikia hizo siku tisa, ili ukisikia watu wa josho wanasema mwanao mpole, angalau mtu mmoja pale awe anajua.

Msalimie Mama, mwambie kitenge alichonipa hakijapotea, kinahitaji kufuliwa tena. Msalimie Bibi mwenye kifua, asikatae dawa. Mdogo wangu Wegesa mchunga ndama, asipande ukuta wa josho kukiwa na fahali. Mama Mdogo wa Nyegina anayepika misheni, nampa pole ya kazi, sasa naijua. Shangazi wa Bunda mwenye mahindi, mwambie siku moja nitasimama niwaambie, kwa Kiingereza, na vitenzi vyote. Na wewe Kaka Magesa mwenye duka, asante kwa karatasi.

Mimi binti yako, ninayeandika kabla Mama Elsa hajafika kuwasha jiko,

Nyangeta